Dharura nyingi zina tarehe: Daftari la nyumba ni zana ya kilimo

MKULIMA wa tumbaku wilayani Kaliua ameandikwa katika madaftari mengi. Chama cha msingi kina daftari linaloonyesha mifuko ya mbolea aliyochukua, dawa za kitaluni na kamba za kufungia. Mwenye duka kijijini ana daftari la madeni lenye jina lake: sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, mafuta ya kula nusu lita. Zahanati ina rejesta yenye tarehe aliyompeleka mtoto na ugonjwa uliomsumbua. Wote hao wanazo habari zake kwa tarehe na kwa kiasi. Asiye nazo ni mwenyewe, kwa sababu daftari la nyumbani kwake halipo.

Matokeo ya hali hiyo huonekana siku ya malipo. Chama kinakata cha kwake, mwenye duka anadai cha kwake, jirani aliyekopesha fedha za matibabu mwezi Februari naye anafika mlangoni. Mkulima hulipa alichoambiwa, maana hana karatasi ya kulinganisha. Kinachobaki hutumika bila mpango, na ifikapo Januari kaya hiyo hiyo inarudi dukani kuandikwa upya.

Si kweli kwamba wakulima wa Kaliua hawajui hesabu. Mtu anayejua miche mingapi inatosha eka moja, kuni kiasi gani zitamaliza kukausha bani moja, na tumbaku ya daraja gani itapata bei gani mbele ya mteuzi, ni mtu wa hesabu. Tatizo ni kwamba hesabu hizo zinaishia shambani. Zikifika mlangoni mwa nyumba zinaachwa nje, na matumizi ya jikoni, shule na matibabu yanaendeshwa kwa kukumbuka na kukisia.

Mazao ya biashara yanayolipwa mara moja kwa mwaka yana tabia yake. Mfanyakazi wa ofisini akiharibu mshahara wa mwezi, atateseka wiki tatu. Mkulima wa tumbaku akiharibu malipo ya mwaka, atateseka miezi kumi, tena katika kipindi ambacho nguvu zake zinahitajika zaidi. Vitalu huanza kiangazi, miche hupandikizwa mvua zinapoanza, na kuanzia Januari kazi ya kuchuma na kukausha hushika kasi. Masoko huja baadaye, katikati ya mwaka. Kwa hiyo fedha huwa nyingi wakati kazi ni chache, na huwa hakuna kabisa wakati kazi ni nyingi.

Bahati mbaya ni kwamba magonjwa nayo yana msimu wake, na msimu huo ni ule ule. Mvua za Tabora huleta mbu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa wa Tabora ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini cha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Maana yake ni kwamba mwezi ambao kaya haina fedha ndio mwezi ambao mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuugua.

Tumbaku yenyewe inaongeza mzigo. Anayechuma majani mabichi yenye umande au maji ya mvua huingiwa na nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma. Wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa ya malaria, na kesho wakarudi shambani na mikono mitupu kuumwa tena. Fedha imetoka, siku imepotea na ugonjwa haukutibiwa. Glovu, shati la mikono mirefu, kusubiri umande ukauke na kuoga mara baada ya kazi ni kinga isiyo na gharama kubwa. Watoto na wajawazito hawafai kabisa kuwa katika kazi hiyo.

Hapo ndipo hesabu ya afya inapotofautiana na hesabu ya sukari. Sukari ikikosekana, chai inanyweka hivyo hivyo. Mtu mzima mmoja akilala kitandani wiki moja mwezi Februari, majani yanapitiliza kuiva, moto wa bani unakosa mlinzi wa usiku, na tumbaku iliyokuwa ya daraja la juu inashuka. Gharama ya ugonjwa huo si vidonge na nauli ya bodaboda peke yake. Ni pamoja na kilo zilizoshuka daraja sokoni miezi minne baadaye, wakati mgonjwa alishapona na amesahau. Kwa kuwa hakuna aliyeandika, mteuzi hulaumiwa.

Kwa mantiki hiyo, daftari la nyumba linalofaa kwa Kaliua liwe na safu tano tu. Ya kwanza tarehe. Ya pili kilichoingia. Ya tatu kilichotoka. Ya nne sababu, kwa neno moja au mawili: chakula, shule, afya, shamba, msiba, mengineyo. Ya tano siku za kazi zilizopotea. Safu hiyo ya tano haimo katika madaftari mengi yanayofundishwa kwenye semina, lakini kwa mkulima ndiyo inayoonyesha kama glovu ni gharama au ni akiba.

Litasemwa kwamba maisha hayatoi nafasi. Ni kweli kwamba mama anayeamka alfajiri kuteka maji, akapika, akaenda shambani, akarudi kupanga majani, hawezi kukaa saa nzima na kalamu. Daftari lisilozingatia uchovu wake litakufa wiki ya pili. Ndiyo maana dakika tano za usiku, baada ya chakula, zinatosha. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika huku wakubwa wakitaja. Kaya isiyo na mwandishi inaweza kutumia makopo: punje moja ya mahindi kwa kila shilingi elfu moja iliyotoka, kopo moja la chakula, jingine la afya, jingine la shamba. Mwisho wa mwezi punje zinahesabiwa. Siku ikipita bila kuandikwa, iachwe, kazi iendelee kesho. Daftari lenye mapengo ni bora kuliko daftari lililotupwa.

Simu nayo imekuwa msaidizi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha nyingi za vijijini zimehamia katika ujumbe mfupi. Kila ujumbe ni risiti yenye tarehe na kiasi, pamoja na makato. Mara moja kwa wiki, kabla ujumbe haujafutwa ili kupata nafasi, uhamishiwe daftarini. Wengi watashangaa kuona makato madogo madogo ya kutoa fedha kila siku yamefika kiasi gani kwa mwezi.

Faida ya kwanza ya daftari ni kuonyesha kwamba mambo mengi yanayoitwa dharura yana tarehe. Mama akipata ujauzito Agosti, kujifungua ni karibu na Mei. Huduma kwa wajawazito na watoto wadogo kisera hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini nauli, khanga, vifaa na chakula cha anayemuuguza havitolewi bure. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari ana siku yake ya kliniki. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zimekuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2004, lakini safari ya kuzifuata ina gharama inayojulikana. Malaria inajulikana itakuja na mvua. Shule zinafunguliwa Januari kila mwaka. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni ghafla. Cha ghafla ni ajali, nyoka, moto na msiba, na hivyo ndivyo vinavyostahili jina la dharura.

Chukua mfano wa kaya ya watu sita. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila kaya iweke zake. Baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo, kaya hiyo imepokea Sh3,000,000 mwezi Julai. Fedha hizo zikigawanywa kwa miezi 12 ni Sh250,000 kwa mwezi, au kama Sh8,300 kwa siku. Hapo tayari utajiri wa siku ya malipo umepungua ukubwa.

Mahindi na maharage wanalima wenyewe. Mboga, dagaa, chumvi, sukari, mafuta na sabuni vinachukua Sh4,000 kwa siku, sawa na Sh120,000 kwa mwezi na Sh1,440,000 kwa mwaka. Shule inachukua Sh300,000. Afya, yaani mchango wa bima au mfuko, vyandarua, nauli za kliniki na dawa, inachukua Sh240,000. Vibarua na kazi nyingine za shamba zisizokopeshwa na chama ni Sh500,000. Michango ya misiba na harusi ni Sh150,000. Jumla ni Sh2,630,000. Kinachobaki ni Sh370,000.

Hizo Sh370,000 ndizo fedha ambazo kaya hiyo inaweza kununulia bati, redio, baiskeli au mbuzi bila kuumia. Ikinunua pikipiki iliyotumika kwa Sh1,500,000 mwezi Agosti, imetumia Sh1,130,000 ambazo si zake. Ni za mtoto atakayeugua Februari, daftari za shule za Januari na vibarua wa Desemba. Pikipiki haina kosa. Inaweza hata kuwa biashara nzuri. Kosa ni kuinunua kabla ya kujua imekula mwezi upi.

Pengo hilo huzibwa kwa mikopo ya msimu wa njaa, na bei yake inajulikana vijijini kote. Gunia moja la mahindi linalochukuliwa Januari linarudishwa magunia mawili baada ya mavuno. Shilingi 50,000 za matibabu zinazochukuliwa Februari zinarudishwa Sh100,000 siku ya malipo. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi michache. Hakuna benki inayothubutu kutangaza kiwango hicho, lakini kwenye giza la mtoto mwenye homa hakuna anayeuliza riba. Anayelipa gharama hiyo si mvivu wala mlevi. Mara nyingi ni mzazi mwema asiye na Sh50,000 mahali anapozijua.

Mwingine huepuka mkopo kwa njia iliyo mbaya zaidi. Hununua nusu dozi, au hungoja mpaka homa impige mtoto degedege. Kuokoa fedha kwa kuchelewesha matibabu si kubana matumizi. Kipimo cha haraka cha malaria katika zahanati na dozi kamili ni nafuu kuliko kulazwa. Daftari halikusudiwi kumzuia mtu kwenda kutibiwa. Limekusudiwa kuhakikisha kwamba siku ya kwenda, fedha ipo.

Fedha hiyo ikae wapi? Jibu zuri limepatikana jirani, magharibi mwa Kenya. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, waweke akiba ya afya. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukakaa kwa msimamizi mpaka wafikie lengo. Waliokuwa na ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa zaidi ya nusu. Sanduku ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mwingine halikusaidia sana upande huo, na vikundi vilivyoweka chungu maalumu cha afya ndivyo vilivyofanya vizuri zaidi. Funzo lake ni rahisi. Fedha yenye jina hailiki ovyo. Anayeombwa mkopo na shemeji anaweza kusema kweli kwamba zilizopo ni za dawa. Lakini ikifungiwa mbali mno, nayo haifiki siku inapohitajika.

Funzo jingine limetoka Malawi, tena kwa wakulima wa tumbaku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wakulima waliopewa nafasi ya malipo yao kuingia moja kwa moja katika akaunti za akiba badala ya mkononi. Waliweka akiba zaidi kabla ya msimu, wakatumia pembejeo zaidi na wakauza mazao zaidi msimu uliofuata. Bei haikubadilika wala ardhi haikuongezewa rutuba na mtu. Kilichobadilika ni njia ambayo fedha ilipita kabla ya kufika mfukoni.

Mkoa wa Tabora una historia yake katika jambo hili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio mwaka 1996 katika wilaya ya Igunga, kabla ya kutungiwa sheria mwaka 2001. Mantiki ilikuwa kwamba mkulima alipe kidogo akiwa na fedha, atibiwe akiwa hana. Mfuko ulioboreshwa wa mwaka 2018 ulipanga katika mikoa mingi mchango wa Sh30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Baadaye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya ushirika wa mazao, ambapo mtu mzima alichangia Sh76,800 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Viwango na utaratibu hubadilika, na mkulima anapaswa kuuliza zahanati au ofisi ya kijiji kabla ya masoko kuanza, si baada ya fedha kwisha. Mchango wa bima uandikwe kuwa wa kwanza daftarini siku ya malipo, kabla ya nyama na bia.

Daftari lina kazi nyingine inayohitaji ujasiri kuitaja. Tumbaku hulimwa na familia nzima, lakini malipo hutoka kwa jina la mmoja. Katika msimu wa masoko, nyumba nyingi huingia katika ugomvi kwa sababu mama na watoto hawajui kilichopatikana. Mwanaume anayelifungua daftari mezani, akasoma stakabadhi ya mauzo mbele ya mkewe, hajapunguza heshima yake. Amepata mlinzi wa pili wa fedha. Na mke mwenye kuku, karanga au pombe ya kuuza naye aandike, kwani kaya yenye vitabu viwili vya siri haina kitabu.

Vilevile, daftari ni ngao mbele ya chama. Pale mkopo wa pembejeo unapohesabiwa kwa dola, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi katika zao hili, mkulima aandike kiasi, tarehe na thamani ya dola siku ya kuchukua na siku ya kukatwa. Aandike idadi ya mifuko aliyopokea kwa mkono, si aliyoambiwa. Pale mkopo unapodhaminiwa na kundi, aandike pia alichokatwa kwa ajili ya wengine. Anayekwenda kwenye mkutano mkuu na karatasi husikilizwa tofauti na anayekwenda na manung'uniko.

Wafanyabiashara wadogo wa mjini Kaliua, Usinge na Ulyankulu wasidhani somo hili ni la wakulima tu. Duka dogo hufa kwa ugonjwa kama shamba. Mwenye genge anayechota kwenye droo kila mtoto akikohoa anakula mtaji bila kujua. Ajiandikie posho ya siku, kiasi kilekile, na matumizi yote ya nyumbani yatoke humo. Kopo la afya liwe mbali na droo ya duka. Na anayekopesha wateja kwa daftari la madeni ampe kila mteja karatasi ya kuandika upande wake. Mteja anayejua deni lake analipa upesi kuliko anayeshtukizwa.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita katika nchi hii, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika katika njia hiyo. Neno posho limeshika mizizi tangu wakati huo. Kiongozi wa msafara alihesabu siku za pori kabla ya kuondoka, na chakula kikapimwa kwa kibaba, mtu kwa mtu. Msafara uliokula posho ya siku kumi kwa siku tatu haukufika. Mwaka wa mkulima wa tumbaku ni pori la miezi kumi kati ya malipo na malipo, na haba na haba hujaza kibaba kwa yule tu anayejua kibaba chake kina ukubwa gani.

Viongozi wa vyama vya msingi wana la kufanya kabla ya masoko yajayo. Stakabadhi ya kila mkulima ionyeshe kila kato kwa jina lake. Anayetaka malipo yake yaingie kwa awamu mbili, ya pili ikaribiane na kufunguliwa kwa shule, aruhusiwe kuomba hivyo kwa hiari yake. Anayetaka mchango wa bima ukatwe siku hiyo hiyo naye aandikwe mapema. Maofisa ugani na wa maendeleo ya jamii waliozoea kufundisha nafasi kati ya mche na mche waongeze somo moja la dakika ishirini kuhusu safu tano za daftari.

Daftari moja la shule na kalamu bei yake haifiki nusu ya kilo ya sukari. Hakuna pembejeo nyingine inayoingia shambani kwa bei hiyo. Likianza kuandikwa mwezi huu, hata kama malipo yameshatumika, kufikia masoko yajayo kaya itakuwa inajua jambo ambalo kwa sasa linajulikana na mwenye duka peke yake: inakula kiasi gani, inaugua lini, na inakopa kwa sababu ipi.